Ndege ya Shaba katika Kasha la Babu



Barua iliyotufikia safari hii imetoka mbali, Buna, katika Kaunti ya Wajir. Mwandishi wake ni dada yetu wa Mombasa aliyeolewa huko. Babu ya mumewe, aliyekuwa askari wa Keya, aliacha kasha, na ndani yake mna ndege ndogo ya shaba yenye urefu wa kiganja, iliyosimamishwa juu ya kitako cha ganda la mzinga. Mnunuzi wa vyuma chakavu anaitaka kwa bei ya kilo. Dada anauliza kama kitu hicho si sanamu ya kukatazwa, na kama yafaa aiuze. Kisha, kwa mstari mmoja tu, anatueleza kwamba mwanawe wa miaka kumi na mmoja ameipenda ndege hiyo hata ameanza kuokota maganda ya risasi porini ili aunde nyingine.

Mstari huo ndio uliotuinua kitini. Tulimpigia simu jioni ile ile.

Mtoto alikuwa na kopo la maziwa chini ya kitanda, na ndani yake vipande saba. Vitano vilikuwa maganda matupu, mdomo wazi. Viwili vilikuwa na risasi yake bado kichwani, na kile kidude cha duara cha kitakoni hakikuwa na alama ya kugongwa. Hiyo ndiyo dalili ya risasi ambayo haijapigwa, na kutu haiiui baruti. Tulimsihi asiliguse kopo wala asilitikise, awatoe watoto chumbani, amwite chifu. Asubuhi polisi wakaja wakalichukua. Tunaliandika hili kwa urefu kwa sababu mama wengi hudhani chuma cha zamani kimekufa, na kwa sababu kuweka risasi nyumbani bila kibali ni kosa katika sheria ya Kenya, hata ikiwa ni ya vita vya babu zetu.

Ndege yenyewe nayo ilibidi ichunguzwe, maana mafundi wa vitani wakati mwingine walitumia risasi nzima kuwa kiwiliwili bila kuitoa baruti. Tulimwomba dada aitazame mahali ilipo na atutumie picha. Alhamdulillahi, kitako cha risasi kimetobolewa na ndani ni kutupu.

Sasa tuyarudie maswali yake. Kuhusu sanamu, neno ni fupi: Ibn Abbas alimwelekeza mchoraji achore miti na vitu visivyo na roho, na ndege ya shaba haina roho. Kuhusu kuuza, tulimuuliza kama mirathi ya babu imegawanywa. Kumbe bado. Basi si yeye wala mumewe mwenye haki ya kuipima kwenye mizani ya chuma chakavu kabla warithi wote hawajaridhia.

Na ni kitu gani hasa? Wakusanyaji wa Ulaya huviita vitu hivi sanaa ya mahandaki. Askari, mateka na mafundi wa kambini waliokota maganda wakayageuza visahani vya majivu, visu vya kufungulia barua, na ndege: risasi ikawa kiwiliwili, ganda la mzinga likakatwa likawa mabawa. Mkusanyaji hodari huanza kwa kugeuza kitako, kwani viwanda hupiga chapa ya herufi zao na mwaka. Cha Buna kimeandikwa 1940. Kisha huhesabu pangaboi. Hii inazo tatu, moja puani na moja kila bawa, na ndege ya Italia iitwayo Caproni ilikuwa hivyo.

Wazee wa Wajir waliijua. Tarehe 13 Juni 1940, siku tatu baada ya Italia kutangaza vita, Caproni ziliangusha mabomu Wajir. Usiku wa kuamkia 15 Julai askari wa Keya waliozingirwa Moyale wakaihama ngome gizani, na kabla ya mwaka kwisha Waitalia walikuwa wameishika Buna. Februari 1941 Moyale ikarudi mikononi mwa Waingereza. Baadaye maelfu ya mateka wa Kiitalia wakafungwa Nanyuki, Gilgil na kwingineko, na miongoni mwao mlikuwa na mafundi wa kila namna. Huenda mmoja wao ndiye aliyeiunda. Huenda pia babu aliiunda mwenyewe, akaifanya iwe ndogo ile ndege iliyomtisha.

Jambo moja la nyumbani. Sisi wanawake wa pwani tukiona shaba iliyofifia, mkono huenda wenyewe kwenye ndimu na chumvi. Kwa sinia na buli, sawa. Kwa kitu kama hiki, la. Ule weusi ndio ushahidi wa umri wake, na kusugua hufuta maandishi. Kitambaa kikavu chatosha.

Dada ametuarifu kwamba shangazi mkubwa wa mumewe yu hai, yuko Wajir mjini, naye ndiye aliyekuwa akiifuta vumbi ndege hiyo utotoni. Watakwenda kwake baada ya Ijumaa. Kijana atachukua daftari, na ameshaandika swali lake la kwanza: kwa nini babu aliweka ndege ya adui?