Nani Atamfuata Hadi Mugumu?

Tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilipoanza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, wachangiaji wa jarida hili wamegawanyika kambi mbili, na zote zinanikera. Moja inahesabu waliopandikizwa na kupiga makofi. Nyingine imesikia kwamba upandikizaji unaweza kuleta saratani mpya, basi inataka mzazi akae na maumivu ya mwanawe.

Hatari ipo. Mwaka 1997 mtafiti Curtis na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 19,229 waliopandikizwa uloto: saratani mpya za uvimbe ziliwapata asilimia 2.2 ndani ya miaka 10, na asilimia 6.7 ndani ya miaka 15. Wengi wao walikuwa na saratani ya damu na walipigwa mionzi mwili mzima, hivyo kumtwisha mtoto wa selimundu asilimia hizohizo ni uvivu. Kisichokwepeka ni muda: hatari hupanda miaka inavyokwenda, na uloto mgeni ukiushambulia mwili kwa muda mrefu, ngozi na kinywa ndivyo vya kuchungwa.

Sasa tuje Mara. Katika Kanda ya Ziwa, ambako mkoa huo upo, kwa vipimo vya watoto wachanga, zaidi ya mmoja kati ya 100 huzaliwa na selimundu. Mtoto wa Mugumu, mkoani humo, akipandikizwa leo, miaka 15 ijayo huenda yuko machimboni Nyamongo au ameolewa Sirari. Kidonda cha mdomoni kisichopona atakipeleka zahanati ya jirani. Tabibu asipojua alichofanyiwa utotoni, atampa dawa ya kusukutua na kumrudisha nyumbani.

Ndiyo maana nang'ang'ania daftari. Muhtasari wa tiba ubaki kwa familia, nakala iende hospitali ya wilaya, nyingine Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kinywa, ngozi na tezi ya shingo vikaguliwe kila mwaka. Wanaoniambia hiyo ni anasa ya nchi tajiri wajiulize Curtis alizipata wapi hesabu zake.

Katika toleo hili, makala ya dawa ya haidroksiyurea isomwe na kila anayedhani tiba ni upandikizaji tu. Ile ya tiba ya jeni inavutia. Bei yake haivutii.

Kuanzia toleo lijalo, jarida hili litachapisha idadi ya waliopandikizwa pale tu itakapoambatana na idadi ya wanaojulikana walipo na hali zao.