Daftari la Nyumba na Mpangaji Mgeni Anayerudi Bujumbura

Buyenzi, Bwiza, Nyakabiga, popote Bujumbura, nyumba ya kupangisha inatakiwa kuwa na daftari. Wenyeji wanaliita kaye. Humo huandikwa wote wanaolala ndani ya nyumba, pamoja na kazi na vitambulisho vyao, na uongozi wa mtaa hulitia sahihi. Polisi wakiuzingira mtaa alfajiri, hulifungua na kulilinganisha na watu waliosimama uani. Tangu machafuko ya 2015, mashirika ya haki za binadamu yameeleza mara nyingi habari za watu waliokamatwa kwa sababu majina yao hayakuonekana humo. Mpangaji aliyetoka Uvira, Bukavu, Kigoma au Kigali anapaswa kuwa mwangalifu zaidi anaporudi kutoka safari, na wakati huohuo ndipo anapopewa ushauri mbovu. Hapa nayajibu madai ninayoyasikia mara kwa mara.

La kwanza: "Mimi ni mtu wa Afrika Mashariki, sina haja ya kuripoti kwa mtu." Ni kweli kwamba Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022, na kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia bila viza, kutembea na kukaa. Lakini kifungu hichohicho cha 7 kinaiachia nchi mwenyeji nafasi ya kuweka mipaka kwa ajili ya usalama, utulivu na afya ya umma. Isitoshe, Mrundi mwenyewe anaandikwa katika daftari hilo. Kama mwenye nchi anaandikwa, mgeni ataegemea nini kudai asiandikwe?

La pili ni muhuri. Wapo wanaoamini kwamba pasipoti ikishagongwa Gatumba, Kobero au katika uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye, kazi imekwisha. Muhuri unaonyesha umeingia nchini siku gani na kwa njia ipi. Hausemi unalala chumba gani. Watu wa uhamiaji wako mpakani, mkuu wa nyumba kumi yuko mtaani, na kila mmoja anauliza swali lake.

Dai linalowadanganya hata watu makini ni hili la tatu: "Jina langu liliandikwa kabla sijasafiri, basi bado limo." Uvira haifiki kilomita 30 kutoka Bujumbura. Mama mwenye biashara ya vitenge anaweza kuvuka Jumatatu na kurudi Alhamisi, na kwa safari fupi kama hiyo jina lake kwa kawaida litakuwa palepale. Tatizo ni mambo yanayobadilika asipokuwapo. Mwenye nyumba ameanza daftari jipya akaandika waliokuwapo siku hiyo tu. Pasipoti ya zamani imekwisha muda, naye amerudi na nyingine yenye namba tofauti. Viza yake ya ukaazi imemalizika akiwa safarini. Au, na hili ndilo linalotokea sana, hakurudi peke yake: kaja na mdogo wake, na sasa chumba cha mtu mmoja kina watu wawili. Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa Februari 2025, makumi ya maelfu ya Wakongo walikimbilia Burundi, na wengine walipokelewa na jamaa zao mjini. Aliyemtandikia mgeni mkeka bila kumwandikisha alimweka hatarini yule aliyetaka kumwokoa. Kwa hiyo usiridhike kuambiwa "umo". Omba daftari, usome mstari wako kwa macho yako, uhakikishe namba ni ya kitambulisho ulicho nacho mfukoni.

Kwa wanaosema hiyo ni kazi ya mwenye nyumba peke yake, jibu ni fupi. Mwenye nyumba huenda anaishi mtaa mwingine kama Kigobe, au yuko ng'ambo. Atakayeulizwa alfajiri ni wewe.

Wengine husema hakuna nchi nyingine inayomsumbua mgeni hivi. Si kweli. Zanzibar, sheha hutakiwa kuwajua wakazi na wageni wa shehia yake. Ujerumani, anayehamia nyumba anapewa wiki mbili kwenda kujiandikisha. China, ambako wafanyabiashara wa Afrika Mashariki hufuata bidhaa Guangzhou, sheria inayotumika tangu 2013 inamtaka mgeni asiyelala hotelini kuandikishwa polisi ndani ya saa 24. Kujiandikisha si uonevu wa Burundi pekee.

Mkimbizi naye anaambiwa kwamba karatasi aliyopewa na ONPRA, ofisi ya taifa inayowahudumia wakimbizi, inamtosha kwenda kwao na kurudi. Asisikilize. Mkataba wa Geneva wa 1951 unatenganisha hati ya utambulisho na hati ya kusafiria, na unasema ulinzi unaweza kukoma kwa aliyejirudisha kwa hiari chini ya himaya ya nchi yake. Akaulize ONPRA kabla ya kuondoka.

Sasa dai ambalo si la wapangaji. Linatoka kwa baadhi ya viongozi wa mitaa na majirani: asiye kwenye daftari ni mpelelezi au mwasi. Tangu Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, maneno haya yamekuwa mepesi zaidi midomoni, na lafudhi ya mtu imekuwa ushahidi. Nayakataa kabisa. Jina lisiloandikwa linathibitisha kwamba halikuandikwa, basi. Huenda mtu kafika usiku, huenda mkuu wa mtaa hakuwapo ofisini. Burundi iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1990, na kifungu chake cha 9 kinakataza kumkamata mtu kiholela. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, katika kifungu cha 12, unakataza kuwafukuza wageni kwa makundi kwa sababu ya taifa au kabila lao. Anayekosa jina aandikwe. Kama kuna shaka nyingine juu yake, itajwe na ichunguzwe kwa njia ya sheria.

Hofu ya wapangaji nayo naielewa. Daftari lililotumika kuwatafuta watu haliwezi kupendwa. Lakini anayejificha anawapa wenye kushuku sababu waliyokuwa wakiitafuta, na hata jirani mwema hawezi kumtetea mtu kama hajui amerudi lini.

Basi ndugu mpangaji, ukirudi kutoka safarini nenda kwa mkuu wa nyumba kumi na pasipoti yako kabla ya kulala, na kama usiku umeingia, uwe mlangoni kwake asubuhi, ukiwa na mgeni wako kama umekuja naye. Nawe kiongozi wa mtaa, mtu akikuletea pasipoti, mwandike siku hiyohiyo, na usimdai pesa ya chai.