Msaragambo wa Cherehani

Ndugu zangu wa Ngujini, Januari imepita na aibu ile ile imepita nayo. Wazazi wameteremka Mwanga na Same, wengine wamefika hadi Moshi, wakapanda tena na mifuko ya sare: sketi za marinda, kaptula, mashati meupe, masweta. Siku hizo hizo vyerehani vya vijana wetu huku milimani vilikuwa vimefunikwa kanga. Hawa ni vijana waliosomea ushonaji katika vyuo vya VETA, au waliokaa miguuni pa mafundi wa Dar es Salaam mpaka wakajua kuchora vazi kabla mkasi haujagusa kitambaa. Walirudi nyumbani, wakapanga chumba, wakangoja wateja. Sisi tuliwaamkia mlangoni, tukapita, tukaenda kuwatajirisha watu wasiotujua hata kwa majina.

Sababu za jumla za mafundi kukosa wateja kila mtu anazijua: mitumba, nguo za bei ya kutupa kutoka nje, mtaji mdogo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kufuta nafuu ya ushuru, na Rwanda peke yake ndiyo iliyosimama imara. Kwa hiyo tusimngojeshe fundi wa Ngujini mpaka marais wakutane tena. Sare ya shule hatuamuliwi na Marekani. Ada ilifutwa Januari 2016 kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, lakini kumvisha mtoto kumebaki mikononi mwa mzazi, kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Kijijini hakuna soko la nguo lenye uhakika kuliko hilo, na sisi wenyewe ndio tunaolifukuza lishuke mlima.

Wapo wanaojibu kwamba kijana akitaka kuwa mjasiriamali aende halmashauri, kwa sababu asilimia 10 ya mapato ya ndani imetengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni kweli, na vijana wajiunge kwenye vikundi waiombe. Lakini mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023, ukapita mwaka mzima bila vijana kukopa, na hata sasa iliporejea, mkopo bila mteja ni deni tu. Cherehani kipya hakimlipi mtu kikikaa bure. Kinachomtoa mbunifu kwenye kipaji na kumfikisha kwenye biashara ni oda: watu wanaojulikana, idadi inayojulikana, fedha iliyotangulia.

Pingamizi zito zaidi ni la bei, na Wapare hatuoni haya kuhesabu shilingi. Sare ya dukani ni rahisi, wanasema. Tuangalie kwa nini. Fundi asiye na oda hununua tetroni mita mbili leo, mita tatu wiki ijayo, kwa bei ya rejareja, na nauli juu yake. Mpeni vipimo vya watoto 200 na malipo ya kwanza mkononi, atachukua jora zima kwa bei ya jumla, na kila sketi itashuka bei. Kisha pindueni pindo la sketi ya dukani mlitazame: ni jembamba kama uzi. Fundi anayemfahamu mtoto huacha pindo la vidole vinne, na mwakani mtoto akirefuka, linafumuliwa na sketi inavaliwa mwaka wa pili. Hiyo nayo ihesabiwe. Na anayesema kushona sare si ubunifu akumbuke kwamba sare italipa kodi ya chumba. Gauni ambalo kijana anaota kulishona litapata wapi meza ya kukatiwa kama chumba kimefungwa?

Lawama moja naikubali bila kuipunguza: fundi wa “njoo kesho”. Amekula malipo ya awali ya watu, akawapa visingizio mpaka shule zikafunguliwa. Dawa yake tunayo tangu zamani. Mbiu ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ikilia, kila nyumba hutoa mtu kwenda kuzibua mfereji au kujenga ndiva, bwawa letu la kumwagilia, na asiyetokea hutozwa faini. Sheria hiyo hiyo imfunge fundi anayechelewesha kazi, na imfunge mzazi anayeagiza kisha akakimbilia dukani. Watu waliopokezana maji ya ndiva kwa zamu, vizazi na vizazi, hawawezi kushindwa kupangiana zamu ya mashati.

Hapa Upare hatujaanza leo kutembea pamoja. Wahunzi wa ukoo wa Washana walifua chuma kilichouzwa hadi Uchagani, kwa hiyo ufundi wa mikono ni mali yetu ya asili. Mwaka 1945 maelfu walikusanyika Same kuipinga kodi ya kikoloni ya mbiru, na wanawake wa Upare nao wakaandamana. Hata huko mjini, mbunifu wa mavazi Mustafa Hassanali hakuishia kushona nguo zake peke yake: mwaka 2008 alianzisha Swahili Fashion Week, jukwaa la wabunifu wenzake. Vijana wetu nao wasigombanie mteja mmoja mlangoni. Wachangie mashine moja ya ovaloki, wagawane kazi: huyu akate, huyu ashone, yule afume masweta, maana baridi ya huku hatuhadithiwi na mtu, tunaijua.

Wenyeviti wa vijiji, liwekeni jambo hili kwenye mkutano mkuu ujao, mbele ya walimu wakuu. Kwaya na kamati za harusi, oda zenu za vitenge zianzie hapa. Ndugu zetu mlioko Dar es Salaam na Arusha, mnaokuja Krismasi na zawadi za nguo, mwaka huu tumeni fedha mapema zishonwe hapa. Nanyi akina mama wa vikoba, ambao bila ninyi hakuna jambo linaloshika hapa, nawasihi muanze kuweka akiba ya sare sasa, kidogo kidogo. Oktoba isiishe kabla kila mtoto wa Ngujini hajapimwa kifua, kiuno na urefu wa mkono, na vipimo vyake kuandikwa kwenye daftari la fundi wa hapa hapa.