Kisu Chema na Chuma cha Halali



Twaulizwa swali moja na ndugu wengi wa tawi letu hapa Kahawa Sukari: "Je, mtu wa reli aweza kuanza kazi ya kufua visu vya kuuza? Na aanzeje?" Sababu ya swali twaijua. Mshahara hauishi mwezi, na karo haingoji. Tena tumewaona wazee wetu waliopunguzwa kazini wakati reli ilipokodishwa mwaka 2006, wakirudi nyumbani na ujuzi mikononi bila mahali pa kuutumia.

Jibu letu ni kwamba aweza. Lakini tuna neno moja la kusema, nalo ni juu ya chuma.

Kwanza, kazi hii si ngeni katika nchi hii. Zamani wahunzi wa Kikuyu, waitwao aturi, walikuwa wakiosha mchanga mweusi wa mito, wakiuyeyusha kwa makaa na mivukuto ya ngozi, na kufua sime, mikuki na visu. Mhunzi aliheshimiwa, na laana yake iliogopwa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Thika mwaka 1913. Ilileta chuma cha ng'ambo kwa bei rahisi, na matanuri yale yakazimika. Basi mtu wa reli akiwasha moto huo tena, analipa deni la zamani.

Vifaa si vingi. Mwenye tupa mbili, msumeno wa chuma, nyundo, koleo, jiliwa, kinoo, sumaku na tanuru ndogo ya makaa aweza kuanza. Kazi ni kukijua chuma. Chuma cha kisu lazima kiwe na kaboni ya kutosha. Springi bapa ya lori ina kama 0.6 kwa mia, nayo yafaa sana. Nondo ya kujengea haifai, wala msumari wa reli, maana kaboni yake haifiki nusu kwa mia. Mmoja wetu alifua kisu kwa msumari wa namna hiyo. Kilipendeza macho, lakini makali yake yalikunjika kwenye mfupa wa mbuzi wa kwanza.

Ipashe springi moto hadi iwe nyekundu, uifukie katika majivu ipoe usiku kucha ili ilainike, ndipo uitie umbo kwa msumeno na tupa. Kisha ipashe tena hata sumaku isiishike, ongeza moto kidogo, na uizamishe katika mafuta yenye uvuguvugu. Usitumie maji, huweza kuipasua. Tupa ikiteleza juu yake bila kuuma, imekuwa ngumu. Lakini ikiwa ngumu hivyo huvunjika kama kioo. Kwa hiyo ioke katika oveni kwa digrii 200 muda wa saa mbili, hata rangi yake iwe kama ya nyasi kavu. Vaa miwani. Usipashe kamwe chuma kilichopakwa zinki, moshi wake ni sumu. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 humlinda aliyeajiriwa. Jicho ulilopoteza peke yako nyuma ya nyumba yako halitalipwa na mtu.

Sasa lile neno letu. Klipu ibanayo reli ni chuma cha springi, na hatutaficha kwamba yaweza kutoa kisu kizuri. Ndiyo sababu twaandika. Klipu moja ikitolewa, labda treni itapita salama. Aliyeona hivyo atatoa ya pili, na jirani yake atatoa ya kumi. Treni za Ruiru hupita hapa zimejaa watu waendao kazini, na aliye mbele katika injini ni ndugu yetu. Wazee walisema: mchuma janga hula na wa kwao. Tena klipu moja ikikutwa katika mfuko wa mwanachama, chama kitafika mbele ya meza ya mwajiri kikiwa hakina la kusema, na kesho yake sisi sote tutapekuliwa langoni.

Mnakumbuka Januari 2022. Baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, Serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu, isifunguliwe ila baada ya miezi kadhaa. Fundi mwaminifu alifungiwa pamoja na mwizi. Basi nunua springi kwa mfanya biashara mwenye leseni, kama sheria ya mwaka 2015 itakavyo, udai risiti na kuitunza.

Mambo mengine yako karibu nasi. Jina la mtaa wetu lenyewe lakumbusha mashamba. Mibuni ing'olewapo kupisha nyumba, mashina yake ni mti mgumu ufaao mpini. Pembe ya ng'ombe hupatikana kwa mwuza nyama. Ya ndovu usiiguse. Ngozi ya ala hutengenezwa Thika. Kwa hiyo kazi hii yafaa kikundi: mmoja afue, wa pili atie mipini, wa tatu ashone ala, nao wanunue vifaa pamoja.

Wateja wapo: wauza nyama, wapishi, wakulima. Mtu atakaye sime usiku wala hasemi ni ya nini, mwambie hapana. Na unapopanga bei, hesabu makaa, mafuta na kila saa uliyosimama. Asiyehesabu saa zake amekuwa mwajiri mbaya wa nafsi yake.

Twawaomba wote wapendao kazi hii waje kwenye mkutano ujao wa tawi tuandike majina ya kikundi cha kwanza. Kila mmoja aje na kipande cha chuma alichokinunua, na risiti yake mkononi. Asiye na risiti asije na chuma.

Kazi kwenu, ndugu. Umoja ni nguvu.