KUMWONA DAKTARI SI KUKOSA IMANI

Mwaka 1897 simfoni ya kwanza ya Sergei Rachmaninoff, mpiga piano wa Urusi, ilikosolewa vikali. Alivunjika moyo, karibu miaka mitatu akashindwa kutunga. Mwaka 1900 alikubali kutibiwa na daktari Nikolai Dahl. Mwaka 1901 akakamilisha konseto yake ya pili ya piano, akaiweka wakfu kwa daktari huyo.

Kanisa, tuache kumwambia kila mwenye huzuni nzito kwamba ana pepo au haombi vya kutosha. Eliya alitamani kufa chini ya mretemu. Mungu hakumkemea, alimtumia malaika na mkate, akamwacha alale tena.

Nitakuombea, na hospitali nitakusindikiza. Usinyamaze.