Kabla familia haijanunua risiva ya sebuleni

Runinga za siku hizi ni nyembamba kama sinia, na wembamba huo ndio unaozinyima sauti. Ndani yake hakuna nafasi ya spika kubwa, na spika zilizomo mara nyingi huelekea chini au ukutani badala ya kumwelekea mtazamaji. Matokeo yake yanajulikana katika nyumba nyingi. Sauti inaongezwa ili maneno ya waigizaji yasikike, kisha milio ya risasi inapoanza rimoti haionekani. Mtoto aliyelala chumba cha pili anaamka. Bibi anauliza, "Amesemaje huyo?" Baada ya miezi kadhaa ya hali hiyo, wazazi wanaanza kupanga bajeti ya muziki mpya.

Wengi huishia kwenye sabufa yenye spika ndogo mbili au nne, na kwa muziki na taarifa ya habari inatosha. Familia inayopenda kutazama filamu pamoja, na yenye akiba kidogo zaidi, huanza kufikiria risiva. Hii si ile ya dishi. Ni kifaa kinachopokea picha na sauti kutoka kwenye king'amuzi, deki, simu au gemu ya watoto, kisha kinapeleka picha kwenye runinga na kugawa sauti kwa spika zilizopangwa kuzunguka sebule. Ikiandikwa 5.1, maana yake ni spika tano na sabufa moja. Faida yake kubwa ni kwamba kila kipande kinajitegemea. Spika ikiharibika inabadilishwa hiyo tu, ilhali homu thieta ya seti moja ikiungua mashine yake, spika zinazobaki mara nyingi hazina pa kuchomekwa.

Kosa la kwanza dukani hufanyika kwenye wati. Muuzaji anapiga boksi kofi na kusema, "Bosi, hii wati elfu tano, mtaa mzima watakujua." Mzazi asikimbilie kulipa. Ageuze kifaa asome kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme kinaotumia. Kikiandikwa wati 80, hakiwezi kutoa wati 5,000 za sauti, kwa sababu hakuna mashine inayotoa nguvu kuliko inayopewa. Hata soketi ya pini tatu, kwa plagi yenye fyuzi ya ampea 13 na umeme wa volti 230, kiwango chake ni kama wati 3,000 tu. Namba hizo kubwa kwa kawaida ni za PMPO, kipimo cha kishindo cha muda mfupi mno ambacho kila kiwanda hujipigia hesabu kivyake. Kipimo cha maana ni RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo. Mchezo huu si wa jana. Marekani ilitunga kanuni ya kudhibiti matangazo ya wati za amplifaya za nyumbani mwaka 1974. Debe tupu haliachi kuvuma.

Risiva nzuri ya bei ya kati huandikwa wati 70 hadi 100 hivi kwa kila spika, na kwa sebule ya kawaida hizo ni nyingi. Wati zikiongezwa mara mbili, kutoka 50 hadi 100, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili isikike kubwa maradufu, zinahitajika wati kama mara kumi. Kwa hiyo anayelipa fedha nyingi zaidi kwa kuongeza wati 20 hapati kitu cha kujivunia.

Fedha hiyo ina kazi bora zaidi kwenye spika ya katikati, inayokaa chini ya runinga. Katika filamu zilizotengenezwa kwa mfumo wa 5.1, sehemu kubwa ya mazungumzo hupitia hapo. Swali la bibi linajibiwa na spika hiyo, wala si na ukubwa wa sabufa. Familia yenye bajeti ya wastani itanufaika zaidi na spika tatu nzuri za mbele kuliko saba za hovyo. Za nyuma zinaweza kusubiri mwakani. Kabla ya kulipa, ahakikishe omu zilizoandikwa kwenye spika hazipungui zile ambazo risiva imeruhusiwa, maana spika ya omu 4 kwenye risiva ya omu 6 au 8 inaweza kuichemsha.

Jambo la tatu ni matundu. Ni vizuri mzazi ahesabu vifaa vya nyumbani kabla ya kutoka, king'amuzi, deki na gemu, kisha aongeze tundu moja la HDMI la akiba. Aangalie pia kama runinga yake ina tundu lililoandikwa ARC, mfumo ulioanza na HDMI 1.4 mwaka 2009. Likiwepo kwenye runinga na kwenye risiva, waya mmoja unarudisha sauti ya runinga kwenye spika, na mara nyingi rimoti ya runinga inatosha kupandisha na kushusha sauti. Mwenye king'amuzi cha zamani chenye waya nyekundu, nyeupe na njano aulize mapema, kwani si kila risiva mpya inaweza kugeuza picha ya waya wa njano iende kwenye HDMI.

Kwa nyumba yenye watoto, kuna vitufe viwili vyenye thamani kuliko mapambo yote ya boksi. Kimoja ni cha usiku, kinachopunguza tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko, ili wazazi wafuatilie filamu bila kuamsha mtu. Kingine ni kikomo cha sauti, kinachowekwa ndani ya menyu ili rimoti ikiangukia mikononi mwa mtoto sauti isivuke kiwango. Shirika la Afya Duniani, katika viwango vyake vya vifaa vya kusikilizia muziki, limeweka desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki kwa watoto, na 80 kwa watu wazima. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu. Kwa mtoto, desibeli 84 humaliza posho ya wiki nzima kwa saa tano, na sikio likishaharibiwa na kelele halirudi lilivyokuwa.

Risiva za mtumba zina mtego wake. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na za Marekani volti 120. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa volti 230, inaweza kuungua dakika ileile. Transfoma inasaidia, lakini bei yake iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Hata umeme wa kila siku una gharama. Kifaa kinachokula wati 60 kwa saa nne kila siku humaliza uniti 7 hivi kwa mwezi, na kwa nyumba inayojitahidi isivuke uniti 75 hizo si chache. Nyumbani, kiwekwe mahali penye hewa. Vile vitambaa vya kufuma vinavyopendezesha sebule visikae juu yake, kwa sababu risiva hutoa joto kupitia matundu ya juu.

Siku ya kununua, mzazi aende na filamu ambayo familia inaijua, ikiwa kwenye flashi au simu. Amwombe muuzaji aache nyimbo za dansi na aweke mazungumzo ya watu wawili kwa sauti ya chini. Maneno yakisikika vizuri hapo, katikati ya kelele za Kariakoo, yatasikika zaidi nyumbani. Kisha adai risiti na waranti ya maandishi, aondoke na inayomtosha. Tofauti ya bei kati ya hiyo na ile ya wati elfu tano bado ina kazi nyumbani, na ada ya muhula ujao haiko mbali.