Acha kumwambia mwenye selimundu ‘jikaze’

KILA kundi la marafiki lina yule ambaye hupotea dakika za mwisho. Plani imepangwa, nauli imechangwa, kisha anatuma ujumbe: “Sitaweza, mwili unaniuma.” Kwenye WhatsApp anaitwa mtu wa visingizio.

Kama ana selimundu, nyinyi ndio mmekosea.

Shuleni tulifunzwa kwamba ugonjwa huu ni wa umbo: seli nyekundu za damu zinajipinda kama mundu. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya stori. Nusu nyingine ni kunata.

Ukuta wa ndani wa mshipa wa damu una protini za kushika seli. Moja inaitwa P-selektini. Kwa kawaida ni askari mzuri: ukiumia au ukiingiwa na viini, inajitokeza ukutani na kudaka seli nyeupe ili ziende kupigana.

Kwa mwenye selimundu, ukuta huo huchokozwa kila mara, hivyo gundi haipumziki. Inadaka seli nyeupe, inadaka na zile zilizopinda. Zinarundikana kama matatu kwenye jam, oksijeni haipiti, mifupa inawaka. Baridi, kiu au homa tu inatosha kuanzisha balaa. Na mara nyingi kwa nje huoni kitu. Sasa mtu ajikaze vipi dhidi ya gundi iliyo ndani ya mishipa yake?

Mwaka wa 2019 Marekani iliidhinisha krizanlizumabu, dawa ya kuziba P-selektini. Utafiti mkubwa uliofuata haukuona faida yake kuishinda dawa bandia, na 2023 Ulaya ikaondoa idhini. Lakini 2019 hiyo hiyo yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto katika nchi 4 za Afrika, Kilifi ikiwemo: haidroksiyurea, dawa ya zamani ya kumeza, ilipunguza maumivu, malaria na hata vifo. Hiyo pia hupunguza kunata kwa seli.

Kwa hivyo kaunti zisingoje muujiza kutoka ng’ambo. Dawa ipo, ifike hospitali za mashinani, isiwe ya wenye pesa mjini pekee.

Nasi vijana? Mwenzako akisema anaumwa, mwamini. Mpe maji, mfunike, na maumivu yakizidi msindikize hospitali. Plani itapangwa tena.